Jinsi ya kurekodi albamu ya gitaa la mahaba chumbani kwako hapa Mwanza

Mwangaluka wakuu. Najua wengine mtaisoma hii usiku ila mi naiandika alfajiri kabla umeme haujafanya yake, kwahiyo salamu ni ya asubuhi. Vijana wengi wanaonikuta napiga kwenye maharusi na kwenye hoteli za kule Capri Point huwa wananiuliza kaka ile albamu yako ya gitaa tupu uliifanyia wapi, nikiwaambia chumbani Nyegezi wanaona kama nawaficha studio. Siwafichi. Ngoja niieleze yote hapa ili nikiulizwa tena niwe natuma hii tu.

Mara ya kwanza kweli nilienda studio, jina silitaji. Nikalipia siku mbili, nikapiga gitaa langu taratibuuu, nikaondoka na furaha zangu, narudi baada ya wiki kusikiliza nakuta prodyuza kaweka ngoma za amapiano chini yake. Nikamuuliza kaka hii nini, akaniambia bila hivyo haichezeki. Sa mi nilikuwa sitaki ichezeke, nilikuwa nataka watu wawili wakae kwenye kochi wasiongee. Hela haikurudi. Ndo nikaanza kujifunza kufanya mwenyewe.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini maana hapa kwetu neno jazz lina mambo yake. Wazee wakisema jazz wanamaanisha bendi ya dansi, Morogoro Jazz ya kina Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Nuta Jazz, na ukivuka huko Kongo kuna OK Jazz ya Franco. Ule ni muziki mwingine, mtamu, ila hii jazi laini ya gitaa ilitokea Marekani. Ukitaka kuisikia mizizi yake mtafute Wes Montgomery wa Indianapolis, alifariki 1968, yeye alikuwa hapigi kwa piki, kile kidude cha kuchapia nyuzi, anapiga kwa dole gumba, na inasimuliwa alianza hivyo ili asiwasumbue watu akifanya mazoezi usiku. Afu msikilize George Benson, albamu yake ya Breezin' ya 1976 karibu yote ni gitaa tupu, ina wimbo mmoja tu wa kuimbwa. Ukipenda gitaa la nyuzi za nailoni nenda kwa Earl Klugh. Kwa huku Afrika yupo Jonathan Butler wa Cape Town. Wasikilize wiki mbili usiku usiku bila kushika gitaa lako, usiibe kitu, zoesha tu masikio namna wanavyokaa kimya.

Sa tuingie kazini.

Jambo ambalo mi nalishikilia kuliko yote, na watu wanalicheka mpaka wajaribu, ni hili: kabla ya kutafuta kodi za gitaa, yani zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja, kabla ya kutyuni, andika maneno. Ndio, albamu haina mwimbaji, lakini andika maneno ya Kiswahili kabisa, unamwambia mtu mmoja unayemjua, sio "mpenzi" wa hewani, mtu mwenye jina na namba ya simu. Imba yale maneno mpaka yapate njia yake afu ndo uyapige kwenye gitaa na maneno uyafiche. Vijana wengi wanaanza na gitaa mkononi, vidole vinakimbilia kule vilikozoea, mwisho wa siku wimbo unakuwa ni mazoezi ya skeli yenye rivabu nyingi, ule mwangwi wa kuongeza. Benson mwenyewe ana mtindo wa kuimba kwa mdomo noti zile zile anazozipiga, mdomo na gitaa vinaenda pamoja, we ukisikiliza unaona kabisa kwanini solo zake zinaongea, maana mdomo unahitaji kupumua na kidole hakihitaji.

Mfano. Wimbo wa kwanza wa albamu yangu unaitwa Umechelewa Leo. Maneno yaliyofichwa pale mwanzo ni "umechelewa leo, chai imepoa". Sema kwa sauti uone. U-me-che-LE-wa LE-o. CHA-i i-me-PO-a. Kiswahili chetu kinakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, kwahiyo wimbo ushajiandika wenyewe: noti tatu fupi zinapanda, ya nne ndefu unaiachia iungue kidogo, ya tano fupi inashuka, afu ndefu nyingine, afu unadondosha. Baada ya "leo" nyamaza. Mi nanyamaza pigo mbili nzima. Hapo kwenye kimya ndo msikilizaji anajibu kichwani mwake, labda anasema samahani, labda anasema foleni Buzuruga, hiyo ni yake. Ukiujaza ule upenyo na vinoti vyako vya mbwembwe umemkatiza mtu anaongea.

Na hii kukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho ndo itakufanya usisikike kama unawaiga Wamarekani, kwasababu wao sentensi zao mara nyingi zinaishia na kishindo, zetu zinaishia zimelegea. Sikuambiwa na mtu hii, niliigundua napiga huku nanong'ona.

Kuhusu kodi, za gitaa, sio ya nyumba, ingawa zote zinasumbua. Usitumie zile kodi kavu za kwaya, C, F, G basi. Jazi laini inataka kodi zenye saba na tisa ndani yake. Nitakupa nne ambazo ukizijua una nusu ya albamu. Naandika kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, namba ni freti ya kubonyeza, x ni uzi usioguswa:

Dm9: x 5 3 5 5 x
G13: 3 x 3 4 5 x
Cmaj9: x 3 2 4 3 x
A7#5: 5 x 5 6 6 x

Zipige kwa dole gumba polepole, pigo nne kila moja, afu angalia mkono wako. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili kidole kidogo hakitoki, kinabaki pale pale uzi wa pili freti ya 5, ila uzi wa tatu unashuka freti moja tu, kutoka 5 kwenda 4. Hiyo hatua moja ndo utamu wenyewe, hamna siri nyingine. Ukihamia ya tatu ule uzi wa tatu unabaki freti ya 4 na sasa uzi wa pili ndo unashuka. Yani kwenye hizi tatu kila mara kuna mmoja anabaki nyumbani na mwingine anatoka. Ya nne ina uchungu kidogo, usiipige muda mrefu, inakurudisha mwanzo kwa Dm9 na mzunguko unaanza upya. Ukitoa C ukataka funguo nyingine unasogeza zote kwa pamoja juu au chini ya shingo, maana hamna uzi mtupu hata mmoja.

Spidi weka kati ya pigo 70 na 88 kwa dakika. Moyo wa mtu aliyetulia unapiga 60 mpaka 100, kwahiyo upo humo humo. Nyimbo mbili unaweza kupeleka 95 ili watu wasilale, zaidi ya hapo unaondoka kwenye mahaba unaingia kwenye matangazo ya mtandao wa simu.

Na njia rahisi ya kufanya wimbo ukue bila kuongeza vyombo: mara ya kwanza piga melodi noti moja moja, mara ya pili piga kwa oktavu kama Wes, yani noti ile ile kwenye nyuzi mbili, ukiruka uzi wa katikati na kuuziba kwa ncha ya kidole cha shahada usilie. Kutoka uzi wa sita kwenda wa nne au wa tano kwenda wa tatu unaruka freti mbili, kutoka wa nne kwenda wa pili au wa tatu kwenda wa kwanza unaruka tatu. Ni hivyo tu. Vidole vitauma wiki ya kwanza.

Gitaa gani? Lolote linaloshika tyuni. Mi nina la umeme la mtumba na moja kavu la nyuzi za nailoni nililonunua kwa mwalimu wa kwaya aliyekuwa anahama. La umeme tumia pikapu, yani ile sumaku inayodaka sauti ya nyuzi, ile ya karibu na shingo, na kitufe cha toni kipunguze, mi naweka kama 4 hivi, ile sauti ya kung'ata iishe ibaki ya kunong'ona. Kama pikapu zako ni za koili moja zitavuma, hasa karibu na chaja za simu na taa za bei rahisi, we geuka geuka na kiti chako mpaka upate upande ambao mvumo unapungua, mi kwangu ni kuangalia dirishani, mgongo kwenye friji. Zile za koili mbili hazina shida hiyo, ndo maana zilibuniwa.

Nyuzi sasa, hapa wa mikoa mingine hawatanielewa lakini watu wa ziwani mtanielewa. Hewa ya hapa ina unyevu na jasho lako lina chumvi, nyuzi za chuma zinashika kutu haraka sana, ukiacha gitaa ukutani karibu na dirisha la upande wa ziwa baada ya wiki tatu zinakwaruza kama msasa. Kila ukimaliza kupiga futa uzi mmoja mmoja na kitambaa kikavu, kile kipande cha fulana ya zamani kinatosha. Vile vipakti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, weka kwenye begi la gitaa. Badilisha nyuzi siku mbili tatu kabla ya kurekodi, sio siku hiyo hiyo, mpya kabisa zinateleza tyuni na zinalia kama bati. Ukipata zile zilizosokotwa bapa chukua, hazipigi kelele kidole kikiteleza, kwa muziki huu ndo zenyewe.

Chumba ndo kimenitesa kuliko vyote. Nyumba yangu ni ya bati na silingi bodi nyembamba, kwahiyo masika, Machi mpaka Mei, sahau, mvua ikianza unarekodi mvua. Vuli nayo ni hivyo hivyo. Mi nilirekodi Julai na Agosti, kiangazi, ila kiangazi kuna upepo mchana unaopiga lile bati la jirani lililolegea, nikaenda mwenyewe na misumari nikamgongea bure. Mchana pia kuna konda. Nina teki moja, yani wimbo uliorekodiwa kwa mpigo mmoja, nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga maishani, dakika ya 3 na ushee, kwenye kile kimya baada ya noti ndefu inaingia "Buhongwa Buhongwa Buhongwaaa". Nimeihifadhi, nikiwa na huzuni huwa naisikiliza.

Kwahiyo rekodi saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya hapo kuna baa, baada ya hapo kuna adhana, majogoo na bodaboda. Katikati hapo utakutana na vyura tu kama uko bondeni, na mbwa. Zima friji, na ili usiisahau weka funguo zako za nyumba ndani ya friji, huwezi kutoka asubuhi bila kuliwasha. Feni zima. Simu sio kimya, izime kabisa maana ile mitetemo ya mtandao inaingia kwenye pikapu.

Chumba kisiwe kitupu. Ukipiga makofi ukasikia kuta zinakujibu, hapo hapafai. Kaa kwenye chumba chenye kitanda, godoro lingine lisimamishe nyuma yako, kabati lifungue milango nguo zionekane, blanketi tundika mbele ya dirisha, chini mkeka au kapeti. Kuna rafiki yangu alinishawishi tukarekodi nje katikati ya miamba, eti Jiji la Miamba tupate sauti ya mawe. Sauti ya mawe tuliipata, kila noti ilirudi mara mbili, na mbu walitula.

Vifaa usitishike. Laptopu yoyote isiyoganda, kile kiboksi cha kuingizia sauti chenye tundu moja la maiki na moja la gitaa, maiki moja, hedfoni za kufunika masikio. Programu zipo za bure, Audacity kwa kuanzia au BandLab, mi natumia Reaper ambayo unaijaribu siku 60 kabla ya kuilipia. Gitaa la umeme chomeka moja kwa moja kwenye kiboksi. La nailoni weka maiki kama sentimita 25 hivi, ielekee pale shingo inapokutana na mwili, freti ya 12, usiielekeze kwenye shimo, shimoni kuna besi ya kuvuma itakayokusumbua mpaka mwisho. Kipimo cha sauti kwenye programu kisipande juu ya -6 dB, kikicheza karibu na -12 ni salama. Sogeza kiti ambacho hakilalamiki. Vua saa.

Na chaji laptopu ifike 100 afu chomoa chaja wakati wa kurekodi, chaja nyingi zinaingiza mvumo. Faida ya pili umeme ukikatika kama kiboksi chako kinapata moto kutoka kwenye laptopu hutajua hata kama umekatika, utashangaa tu mtaa mzima umekuwa kimya ghafla, yale majenereta ya mbali hayajawashwa bado, na hizo ndo dakika kumi bora kabisa za kurekodi hapa mjini. Nyimbo mbili za albamu yangu zimepigwa gizani kabisa kwasababu hiyo.

Piga teki tatu nzima kwa kila wimbo, mwanzo mpaka mwisho, usikatekate. Kama ya tatu haijafaa nenda kalale. Kukata vipande unaweza lakini muziki huu unabeba pumzi, ukiunga pumzi ya saa nane na ya saa kumi watu wanasikia kitu hakijakaa sawa hata kama hawajui ni nini. Kidole kikikwaruza kidogo acha. Meli ya Bukoba ilipiga honi mara moja nikiwa najaribu wimbo mapema usiku, ikaingia pale pale kwenye kimya, nikaiacha ipo mpaka leo, watu wanadhani niliipanga.

Wenzako wa kupiga nao: besi mmoja anayejua kuacha nafasi, basi. Mwambie asipige slapu, ule mtindo wa kuchapa nyuzi. Drams kama huna mtu wa kupiga kwa brashi usiweke za kompyuta ngumu, bora kayamba laini mbali kabisa, au mguu wako kwenye mkeka. Kinanda kishike kodi ndefu chini, sauti ndogo. Saksafoni utatamani, kila mtu anatamani, ila saksafoni ikiingia gitaa linakuwa mgeni kwenye nyumba yake. Sauti ya mawimbi ya ziwa nayo utatamani kuiweka kila wimbo. Weka sehemu moja tu. Mi niliirekodi kwa simu kule Luchelele asubuhi, sekunde 20, iko mwisho wa wimbo wa nne na haijirudii.

Nyimbo nane zinatosha, dakika 35 mpaka 40. Enzi za sahani za santuri upande mmoja ulibeba kama dakika 22 afu mtu anainuka kugeuza, mi bado napanga hivyo hivyo ingawa kwenye simu hamna wa kugeuza. Nne za kwanza ni jioni, watu wameonana, chakula kinaiva. Nne za pili ni usiku. Usianze na wimbo wako mzuri kuliko wote, uweke wa tano. Wa mwisho uwe mfupi. Majina uyape ya hapa hapa, ya kwangu ni Kivuko cha Mwisho, huu ni wa Kamanga kwa aliyewahi kuachwa anajua, Taa za Dagaa, zile taa za wavuvi unazoziona mbali siku zisizo na mwezi, na Sato wa Watu Wawili. Nilishauriwa niweke ya Kizungu ili yatafutwe. Kuna nyimbo nyingi mno zenye majina ya machweo kwa Kizungu, Taa za Dagaa ninaamini ni mmoja tu.

Kumiksi nitapita haraka maana ukirekodi vizuri kazi ni ndogo. Gitaa weka katikati. Punguza kidogo pale 200 mpaka 300 Hz ambapo sauti inakuwa na matope. Kompresa, ile inayobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, kidogo sana. Rivabu sekunde moja na nusu mpaka mbili, ipandishe mpaka uisikie afu ishushe kidogo mpaka usiisikie, hapo hapo. Sauti ya jumla lenga -14 LUFS, hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima, Spotify wanasawazisha huko huko, ukiikandamiza ipige kelele wataishusha tu na wewe utakuwa umeua pumzi zako zote bure. Usimiksi usiku ule ule uliorekodi.

Kupima usitumie hedfoni peke yake. Ipige kwenye simu jikoni kuna mtu anafanya kazi nyingine. Yangu niliipiga mama watoto anachambua dagaa, sikumwambia kitu, sikumwambia jina la wimbo. Wa kwanza ukaisha akachambua kama kiganja kimoja hivi afu akauliza bila kuinua kichwa, "huyu anayechelewa ni nani?" Inawezekana alinisikia nikinong'ona maneno usiku kupitia ukutani, sikatai. Ila nilimjibu vizuri na wimbo sikuugusa tena. Afu ipime kwenye spika ya bajaji, muombe dereva, ukisikia gitaa bado liko juu ya injini basi limekaa. Kama limezama ongeza kidogo sauti za kati, sio besi.

Kabla hujaitoa, kasajili kazi COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, nyimbo ziwe zako mwenyewe, kama umepiga wimbo wa mtu hata bila kuimba bado ni wimbo wa mtu, tafuta ruhusa. Aliyepiga besi andikianeni karatasi, hata ya daftari, kama amelipwa imeisha au ana asilimia, urafiki mwingi umekufa hapo. Afu tafuta msambazaji wa mtandaoni wa kukupeleka Boomplay, Audiomack, Spotify, Apple Music. Watataka faili za WAV, picha ya kava ya mraba pikseli 3000 kwa 3000, na kuna kisanduku cha kusema ni muziki usio na sauti ya mtu, kiweke tiki. Kwenye aina chagua jazz, afu smooth jazz kama ipo. Usiweke afrobeat ili upate wasikilizaji, wataingia, watatoka sekunde ya kumi. Picha ya kava tafadhali isiwe waridi jekundu juu ya gitaa. Mi nilipiga picha vikombe viwili vya chai kwenye ukuta wa nje, kimoja kimejaa.

Wapelekee wiki tatu nne kabla ya tarehe. Na faili zote, sio zile za mwisho tu, zile teki pia, weka kwenye disiki ya pili na hiyo disiki ikae nyumba nyingine, kwa dada yako huko Igoma au kokote, maana laptopu yangu ilimwagiwa uji na nyimbo tatu ilibidi nizipige upya.

Tarehe yenyewe angalia kalenda ya ligi. Ya kwangu ilitoka siku ya dabi ya Simba na Yanga, siku ile walisikiliza watu wawili, na mmoja ni mimi.